Maswali ya Eneo kwenye Mlango wa Gikonyo

Zamani mtu wa Eldoret akitaka kujua eneo la kitu alichukua kamba, akapiga magoti, akainuka na vumbi kwenye suruali na jibu kichwani. Siku hizi anainua simu juu ya kitu chenyewe na kungoja aambiwe.

Mabonga aliyasema maneno hayo kwa kila aliyekuwa na muda wa kumsikiliza, na kila alipoyasema alikuwa na simu moja akilini, na mkono mmoja ulioishika. Majirani zake wa mtaa wa West Indies walidhani mzee anachukia mitambo. Mkewe, Esther, aliyemjua zaidi, alisema mzee ana wivu.

Alikuwa amefika Eldoret kutoka upande wa Bungoma akiwa kijana, na elimu ya darasa la saba na shati moja la kwendea kanisani. Siku hizo kiwanda cha nguo kilikuwa na king'ora ambacho nusu ya mji ilikitumia kuamkia na kupikia. Mabonga aliwekwa kwenye meza ya ukataji. Mkataji hashoni. Kazi yake ni kulaza ruwaza za karatasi juu ya kitambaa, mgongo, mkono, kola, na kuzibananisha hata kitambaa kinachobaki kisitoshe leso. Kwa hiyo alianza kuwaza juu ya maeneo kabla hajajua kwamba mawazo ya namna hiyo yana jina na yameandikiwa vitabu.

Kitabu alikipata kwa karani mmoja aliyekuwa anahama. Kilikuwa cha jiometri, hakina jalada wala kurasa za mwanzo, kwa hiyo Mabonga alianzia katikati, kwenye duara, akarudi nyuma mwenyewe mpaka kwenye mstari. Hakuwa na mwalimu. Wenzake walipokwenda kula mahindi getini, yeye alibaki na kitabu chake, na kamusi, na kipande cha chaki ya fundi.

Swali la kwanza lililomnyima raha lilikuwa la mikeka. Mkeka mmoja ni futi sita kwa nne, mwingine futi tano kwa tatu. Imetandikwa sakafuni, mmoja umeukanyaga mwingine, na yote pamoja inafunika futi mraba thelathini na tatu. Sehemu iliyolaliana ni kubwa kiasi gani? Mabonga alipata ishirini na nne kwa mkeka wa kwanza na kumi na tano kwa wa pili, akajumlisha akapata thelathini na tisa, akabaki anajiuliza futi sita zimepotelea wapi. Alizitafuta wiki nzima. Mwishowe alichukua vitambaa viwili vyepesi, akavibandika dirishani kimoja kikikanyaga kingine, akaona kwamba mwanga ulipita vizuri kila mahali isipokuwa pale vilipokutana. Pale palikuwa na kiza. Kiza kile ndicho alichokuwa amekihesabu mara mbili, mara moja na kitambaa hiki, mara ya pili na kile.

Ndipo sauti ikasema nyuma yake, "Wewe, unakagua matundu?"

Alikuwa Gikonyo, mtunza stoo, mtu wa Ainabkoi mwenye mabega mapana ya mkulima wa viazi na kicheko kilichoanzia tumboni.

"Nakagua kiza," Mabonga akasema bila kugeuka.

"Kiza mchana huu?"

"Njoo uone. Hizi futi sita zilikuwa zinanila."

Gikonyo alisogea, akatazama dirisha, akatazama kitabu, akatazama dirisha tena. Kisha akakicheka kicheko chake na kusema, "Haki, stoo yangu nayo inahesabu vitu mara mbili hivyo hivyo. Nipe swali lingine."

Urafiki wao ulianzia hapo, na ulikuwa wa namna ambayo sasa haionekani. Watu wa sasa ni marafiki kwa kutumiana picha. Wale wawili walitumiana maswali. Kiwanda kilipokuja kulegea na wafanyakazi wakapunguzwa, Gikonyo alifungua duka la misumari, rangi na mabomba hapo West Indies, akaupaka mlango wake rangi nyeusi isiyong'aa kwa sababu moja tu. Kila Jumapili mchana, kila mmoja akishatoka kanisani kwake, walikutana kwenye mlango ule na chaki. Leo mmoja anauliza na mwingine anajibu, Jumapili ijayo wanageuzana. Aliyeshindwa ndiye anayefuta. Wapita njia walisimama na Biblia zao mikononi, wakabishana kuhusu maduara ya watu wengine mpaka chakula kikapoa nyumbani.

Halafu ukaja ule mwaka wa fujo za uchaguzi, ambao watu wa Eldoret huutaja kwa sauti ya chini. Gikonyo na watu wake walikimbilia uwanja wa kanisa na baadaye wakaenda kwa jamaa mbali. Kabla duka halijachomwa, Mabonga alikwenda na bisibisi, akaung'oa mlango kwenye bawaba zake, akaubeba kichwani mpaka kwake na kuuegemeza nyuma ya kitanda. Kijana mmoja barabarani alimuuliza, "Mzee, umeacha rangi yote ukabeba mbao?" Mabonga aliendelea na mwendo wake. Gikonyo aliporudi na kujenga upya, aliletewa mlango wake, na swali lao la Jumapili ya mwisho bado limeandikwa juu yake kwa chaki, duara ndani ya mraba. Alilijibu hapo hapo, mlango ukiwa umelala chini kwenye mawe, kabla hata ya kutafuta bawaba.

Mtu ambaye amefanyiana mambo kama hayo na mwenziwe hujiona ana haki fulani juu yake. Mabonga alijiona anayo, na hakuwahi kufikiri kwamba itamlazimu kuitetea.

Joy alikuja na godoro na ndoo mbili, akapanga chumba cha nyuma ya duka. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwalimu wa hisabati katika shule moja ya kulipia, mzaliwa wa Kakamega. Jumapili yake ya pili pale, Mabonga alikuwa ameandika swali mlangoni na Gikonyo amesimama akikuna kidevu, Joy akapita na beseni la nguo.

"Guka, hapo si ni kumi na mbili?" akasema, bila hata kulitua beseni.

Mabonga aligeuka polepole. "Binti, swali lina mwenyewe."

"Woi, pole Mzee. Imenitoka tu."

"Mwache, Mabonga," Gikonyo akacheka. "Huyu ni mwalimu. Tumepata mwalimu kwa ploti, na wewe unataka kumfukuza?"

Kumi na mbili lilikuwa ndilo jibu. Lakini Mabonga alirudi nyumbani na jambo lingine kabisa. Msichana amezaliwa na kunyonya Uluhyani, anajua vizuri jinsi babu anavyoitwa kwao, halafu anamwita Mkikuyu "Guka", tena kwa sauti ya asali, na yeye Mabonga, damu yake, anamwita "Mzee" kama mtu anayeulizwa njia.

"Ungetaka akuite nani?" Esther akamuuliza, akichambua mrenda.

"Sitaki aniite."

"Basi amekusikia."

Tangu siku hiyo mlango ule ukawa na watu watatu. Kwanza Joy alisimama kando na kikombe chake. Kisha Gikonyo akaanza kumuuliza, "Mwalimu, unaonaje?" Kisha Jumapili moja Mabonga alifika akakuta wawili hao wamekwisha kuanza, wameketi kwenye ngazi ya duka, na mlango uko mweusi mtupu. Joy alikuwa amechora kwa kidole kwenye simu. Pembetatu ya buluu ilikuwa juu ya mraba wa manjano, na pale zilipolaliana pakawa kijani. Alikuza picha kwa vidole viwili, na Gikonyo akainama mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo.

"Hee!" Gikonyo alikuwa akisema. "Hee! Hiyo sasa naiona vizuri!"

Mabonga aliyaona yale mashavu mawili, moja la kizee na moja la kijana, yakiwa karibu hivyo juu ya kitu kinachong'aa, na akamkumbuka mvulana wa kwaya ambaye, enzi za ujana wao, alikuwa akimsindikiza Esther nyumbani.

"Chaki imekwisha?" akauliza.

"Chaki ipo, ndugu yangu," Gikonyo akasema, bado ameinama. "Lakini cheki hii kitu. Inazunguka."

Mabonga alikuwa na vitambaa viwili mfukoni, alivyokuwa amevikata kwa ajili ya siku hiyo. Aliviinua kwenye jua kama walivyozoea. "Na hapa je, unaona nini?"

Gikonyo alitupa jicho upesi, akarudi kwenye simu. "Ninyi semeni tu, mimi nasikiliza," akasema.

Ninyi. Mabonga alilibeba neno hilo wiki nzima, kana kwamba yeye na msichana ni kitu kimoja.

Alijifungia na kitabu chake. Alikuwa na swali moja alilolitunza muda mrefu, zuri kuliko yote aliyoyajua. Chukua miraba miwili iliyo sawa. Kona ya mmoja iweke katikati kabisa ya mwingine, kisha uzungushe ule wa juu unavyotaka, uupinde huku, uupinde kule. Eneo lililolaliana litakuwa kiasi gani? Yeye mwenyewe lilimchukua msimu mzima wa mvua kulitatua. Alikuwa amekata miraba ya kitambaa na kuizungusha, akikata kiza na kukipima, mpaka siku alipong'amua kwamba kile kipande chembamba kinachopotea upande huu ni sawasawa na kile kinachopatikana upande ule. Alikuwa amekusudia kumpa Gikonyo swali hilo siku njema. Sasa aliona hiyo siku njema haiji yenyewe, akaliandika mlangoni Jumapili iliyofuata, kwa herufi kubwa, akasimama kando mikono nyuma.

"Soma, Mwalimu," Gikonyo akamwambia Joy.

Alisoma kwa sauti. Akafikiri muda usiotosha kufunga kamba ya kiatu. "Mzee, unasema niuzungushe ninavyotaka?"

"Unavyotaka."

"Na jibu ni lile lile?"

"Ndiyo."

"Basi mimi nauzungusha mpaka ukae wima. Kona iko katikati, pande zimeenda sambamba. Ni robo." Akacheka, akajifuta unga wa chaki ambao hakuwa ameushika. "Kwisha."

Wapita njia waliguna. Mmoja akapiga makofi.

"Huo ni wizi," Mabonga akasema. "Umelichukua jibu kwenye mdomo wa swali. Thibitisha."

Akathibitisha. Alichukua chaki na kuchora vile vipande viwili vyembamba, kinachopotea na kinachopatikana, akaandika kwamba viko sawa na kwa nini, mistari mitatu tu, kwa mwandiko wa darasani. Msimu mzima wa mvua wa Mabonga ulienea hapo, na pembeni pakabaki nafasi.

"Eeh!" Gikonyo akasema. "Mabonga, umesikia hiyo? Auzungushe mpaka ukae wima! Huyu msichana ana kichwa, haki ya Mungu." Na kile kicheko kilichoanzia tumboni, kicheko cha dirishani kwenye kiwanda, kikatoka chote, na hakikuelekezwa kwa Mabonga.

Usiku huo Esther alimwona amekaa bila kula. "Mzee mzima," akasema, "umeachwa kwa sababu ya pembetatu."

"Sijaachwa."

"Nimeona wanawake walioachwa. Wanashika kijiko hivyo hivyo."

Angeweza kunyamaza. Angeweza kukaa kwenye ngazi pamoja nao akawa wa tatu. Watu wengi huridhika kuwa wa tatu. Lakini Mabonga alijua jambo moja tu, kwamba mlango ule una nafasi ya watu wawili, na akaamua kuirudisha nafasi yake mbele ya macho ya watu.

Alichagua Jumapili ya mavuno, watu walipokuwa wengi barabarani na nguo zao nzuri. Swali lilikuwa jepesi, la kumfungulia Gikonyo mlango tu, maana alitaka Gikonyo ndiye ajibu, kama zamani. Akaliandika. Mkataji amekata vitambaa viwili vya kutandika kwenye meza ndefu ya arusi. Kimoja ni futi nane kwa tano, kingine futi saba kwa nne. Vimetandikwa kimoja kikikanyaga kingine, vimefunika futi mraba sitini. Sehemu iliyolaliana ni kiasi gani?

"Hili ni la Gikonyo," akasema. "Wengine wafunge midomo."

Gikonyo alisimama mbele ya mlango. Alisogea karibu, akarudi nyuma, akasogea tena. Watu wakaanza kukohoa.

"Mwalimu," Gikonyo akasema mwishowe, kwa sauti ndogo, "nisomee."

Joy alimsomea, taratibu, na alipofika mwisho, kwa mazoea tu ya mtu anayefundisha watoto, akaongeza, "Arobaini, na ishirini na nane, toa sitini. Nane, Guka. Si ndiyo?"

"Nane," Gikonyo akasema.

Jibu lilikuwa nane. Mabonga alilijua ni nane tangu alipoliwaza swali. Lakini kuliona jibu lake likitoka kinywani mwa rafiki yake huku limetafunwa kwanza na mwingine kulimshinda.

"Mmekosa," akasema.

Watu wakasogea.

"Mmekosa wote wawili. Gikonyo, wewe umekaa kiwandani miaka mingapi? Mtu akikutajia kitambaa, swali la kwanza ni nini?"

Gikonyo alikunja uso. Halafu, kwa unyonge, akasema, "Kabla ya pindo au baada ya pindo."

"Haya!" Mabonga akawageukia watu. Na kweli ilikuwa sheria ya meza yao. Mkataji hutaja kitambaa kwa ukubwa wa kukatwa, na kila anayesikia hujua kwamba kitakapofika kwa mshonaji kitapindwa pande zote na kupungua. Hakuna mtu wa kiwanda angekubali kipimo bila kuuliza hilo. "Nimesema mkataji amekata. Sikusema mshonaji ameshona. Mezani hakitandikwi kitambaa kibichi. Toa inchi tatu za pindo kila upande! Mwalimu hakuuliza. Wanafundishwa kwa simu, simu haina pindo!"

Watu walicheka. Ulikuwa muda mtamu kabisa, na ungebaki mtamu kama Joy angeukubali. Alikuwa amefumba macho, midomo yake ikicheza.

"Mzee," akasema kwa upole, "inchi tatu kila upande, si hiyo ni nusu futi kwa urefu na nusu futi kwa upana?"

"Ndiyo."

"Kile kikubwa kinabaki saba na nusu kwa nne na nusu. Thelathini na tatu na robo tatu. Kile kidogo kinabaki sita na nusu kwa tatu na nusu. Ishirini na mbili na robo tatu." Akafumbua macho. "Vyote pamoja ni hamsini na sita na nusu. Hata visipolaliana kabisa, Mzee, haviwezi kufunika sitini."

Hakuna aliyecheka mara moja. Walihitaji muda wa kuelewa. Kisha mtu mmoja mwenye kofia akasema, "Kwa hivyo hiyo meza imefunikwa na nini ingine, maombi?" na hapo ndipo walipocheka, wote, hata watoto.

Mabonga alitazama mlango. Aliiona sitini yake, nono, ameiandika kwa mkono wake kwa vitambaa vibichi, na aliona jinsi alivyolikanyaga swali zuri kwa ajili ya kumkanyaga mtu. Alimtazama Gikonyo. Neno moja tu lingetosha. Gikonyo angesema wote wawili wana haki kwa namna yao, angesema tukanywe chai.

"Mabonga," Gikonyo akasema, "futa."

Alisema kwa kicheko, kama walivyoambiana miaka yote. Lakini Mabonga hakusikia kicheko.

"Mlango huu niliubeba mimi kichwani," akasema. "Mimi. Msichana huyu alikuwa bado mtoto wa shule."

"Nani amesema hukuubeba?"

"Futa mwenyewe."

Gikonyo alipapasa mifuko yake. Kisha akatoa leso, akaugeukia mlango na kuanza kufuta. Alipitisha leso sehemu tupu ya mlango, chini, kulia, kwa uangalifu mkubwa, akaacha swali juu likiwa zima kabisa, sitini na alama ya kuuliza. Akakunja leso yake, akairudisha mfukoni. Mabonga alielewa jambo moja tu: kwamba Gikonyo ameliacha kosa lake limeandikwa pale makusudi, ili watu wa Jumapili walisome mpaka wachoke. Akaondoka bila kuaga.

Hakurudi. Jumapili zilizofuata alizunguka njia ya nyuma, kwenye mtaro, asipite dukani. Gikonyo alimtuma mtu mara moja, kisha mara ya pili, na Mabonga akasema ana homa. Alingoja Gikonyo aje mwenyewe. Ni umbali wa kutoka hapa hadi pale, mtu angeweza kuutembea macho yamefungwa, ndivyo alivyojiambia, na asipokuja, basi ameshachagua.

Ni Esther aliyeleta habari, akitoka kwenye kikundi cha akina mama. Aliweka kikapu chini, akakaa kabla ya kuvua kitambaa cha kichwa.

"Gikonyo haoni," akasema.

"Haoni nini?"

"Haoni! Macho. Presha ya macho, imemla kidogo kidogo, sasa ni kivuli tu. Mama Waiyego wa kikundi ameniambia. Yule mwalimu ndiye anampeleka kliniki ya macho kule Plateau, tangu mwaka jana."

Mbele ya Mabonga yalipita yote: vitambaa juani na Gikonyo kusema "ninyi semeni tu", pua kwenye kioo cha simu kilichokuza kila kitu na kuking'arisha, "nisomee", na leso ikifuta mahali patupu kwa uangalifu. Mtu mwingine angelia. Yeye alikokotoa.

"Tangu mwaka jana," akasema.

"Ndiyo."

"Yule mwalimu alijua tangu mwaka jana."

Esther alimtazama mumewe. "Mungu wangu," akasema. "Hata hilo unamwonea wivu?"

Ndiyo, alimwonea. Macho ya Gikonyo yalipokuwa yanazimika, kulikuwa na mtu aliyeambiwa kwanza, na mtu huyo alikuwa mpangaji mwenye ndoo mbili. Yeye, aliyekaa naye dirishani, alifichwa. Esther alijaribu kumweleza kwamba mwanamume humficha rafiki yake ugonjwa kwa sababu hataki kuonekana mdogo mbele yake, na humwambia mgeni kwa sababu mgeni hana anachopoteza. Mabonga alisikia maneno, akayakubali, na wivu ukabaki pale pale.

Hata hivyo aliamua kwenda. Alikata mraba mmoja kwenye blanketi kuukuu, akakata mstatili kwenye gunia la mahindi, akavilaza kimoja juu ya kingine na kufumba macho, akapitisha vidole. Palipolaliana palikuwa panene. Kidole kingeweza kukihesabu kiza bila jicho. Alifurahi kwa mara ya kwanza baada ya miezi, akajipongeza, akatengeneza na duara. Hakuna simu ingeweza kufanya hivyo. Alivifunga kwenye gazeti, akavaa koti, akatoka wakati watu walipokuwa wanarudi makanisani.

Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kuwaona. Kabla ya mvua kubwa mtoto wa Gikonyo, Mbuthia, alikuja na pikapu akamchukua baba yake wakaishi pamoja Ainabkoi, duka likawa la kuuza vifuniko vya simu, na Joy akahamishia godoro lake mtaa mwingine. Lakini siku hiyo walikuwepo.

Walikuwa wameketi kwenye ngazi. Joy alikuwa amekata maumbo kwenye maboksi ya misumari, mazito, kingo zake amezibandikia uzi ili zisikike kwa kidole, na Gikonyo ameyaweka magotini. Vidole vyake vinene vilitembea ukingoni, vikafika mahali maumbo yalipopandana, vikasimama hapo.

"Na hii kona inaangalia wapi?" akauliza.

"Inaangalia barabara, Guka."

"Basi usiniambie. Usiniambie! Wacha nihesabu."

Mabonga alikuwa amesimama ng'ambo, nyuma ya mkokoteni wa parachichi, na gazeti lake kwapani. Joy aliinua kichwa, akamwona. Aliinua mkono juu, akampungia kwa nguvu, kisha akainama na kumwambia Gikonyo jambo sikioni, na Gikonyo akasimama, maumbo yakaanguka chini. Mabonga hakuinua mkono. Alingoja aitwe kwa jina, na huku akingoja, Gikonyo aligeuza uso wake mpana, akatabasamu kwa meno yote, upande wa kushoto, ambako hapakuwa na mtu.